Wakala analipa, bosi ni nani? Kisa cha Microsoft na wataalamu waliohamishiwa kwa wakala

Mameneja wengi wanaochukua wataalamu wa muda kupitia wakala wa ajira wana imani moja ambayo hawaitamki: maadamu jina lililo kwenye hundi ya malipo ni la wakala, yule mtu si wa kwao. Akiugua, amuulize wakala. Akidai likizo, amuulize wakala. Akitaka kujua kwa nini mwenzake wa meza ya pili ana hisa za kampuni na yeye hana, huyo ndiye hasa wa kumwambia amuulize wakala.

Kesi iliyoijaribu imani hiyo kwa ukali ni ya Microsoft. Ilifunguliwa mwaka 1992 na kumalizwa kwa suluhu ya karibu dola milioni 97 mwishoni mwa mwaka 2000, na kwa wanasheria wa Marekani inajulikana kama Vizcaino dhidi ya Microsoft. Kwa kawaida hutajwa kwenye mijadala ya marupurupu na pensheni. Mimi naisoma zaidi kama kisa cha wakala wa ajira, kwa sababu ndicho kinachoonyesha wazi mzigo ambao wakala anaweza kumpokea mteja wake na ule asioweza kuupokea hata alipwe vipi.

Kazi ilivyokuwa

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Microsoft ilikuwa inakua kwa kasi katika makao yake ya Redmond, jimbo la Washington. Programu ya kompyuta haiingii sokoni kwa nguvu za waandishi wa programu peke yao. Wanatakiwa watu wa kuijaribu mpaka waone inakwama wapi, watu wa kuhariri vitabu vya maelekezo, wa kusahihisha maandishi, wa kupanga kurasa, wa kutengeneza faharasa. Kazi hizo huja kwa mawimbi: toleo jipya likikaribia zinarundikana, likitoka zinapungua. Kwa hesabu ya meneja, kumwajiri mtu wa kudumu kwa kazi ya namna hiyo ni kujifunga.

Kwa hiyo kampuni iliwachukua kama wakandarasi huru. Kila mmoja alitia saini makubaliano kwamba yeye amejiajiri, na kwamba kodi, bima na marupurupu yake ni juu yake mwenyewe. Hawakuwa kwenye orodha ya mishahara. Walipeleka ankara kwa idara inayowalipa wauzaji, ile ile inayomlipa aliyeleta viti na karatasi. Na kwa saa walilipwa zaidi ya waajiriwa wa kudumu, jambo ambalo watetezi wao hupenda kulipitia haraka. Wengi walikuwa wameridhika na mpango huo.

Ila siku yao ya kazi ilikwenda tofauti na karatasi walizosaini. Walifanya kazi ndani ya majengo ya kampuni, wakiwa na kadi za kufungulia milango na vifaa vya ofisi walivyopewa. Walikuwa kwenye timu moja na waajiriwa, chini ya wasimamizi wale wale, kwa saa za msingi zile zile, wakifanya kazi zinazofanana. Kilichowatenga ni alama. Beji zao zilikuwa za rangi nyingine. Anwani zao za barua pepe zilitofautishwa. Hawakualikwa kwenye hafla rasmi za kampuni, hawakulipwa saa za ziada, na hawakuruhusiwa kumkabidhi mtu mwingine kazi waliyopewa.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko beji. Mkandarasi wa kweli anauza kitu kilichokamilika, na akitaka kumtuma msaidizi wake, ni shauri lake. Ukimwambia mtu lazima aje yeye mwenyewe, akae hapa, kwa saa hizi, chini ya huyu, unanunua muda wake na utii wake. Huyo ni mwajiriwa, na ankara yake haibadilishi kitu.

Kuna na suala la muda. Walalamikaji walioorodheshwa kwa majina walikuwa 8. Wote walichukuliwa kwa ajili ya mradi maalumu, lakini 7 kati yao walikuwa wamepita mradi mmoja hadi mwingine kwa angalau miaka 2 mfululizo, na wa nane kwa zaidi ya mwaka. Mradi ukiisha ulifuata mwingine, kwenye majengo yale yale.

Mamlaka ya kodi inabisha hodi

Mwaka 1989 na 1990 mamlaka ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, IRS, ilikagua vitabu vya Microsoft. Wakaguzi hawakuishia kwenye mikataba. Waliuliza nani anayeelekeza kazi na kwa kiasi gani, wakahitimisha kwamba watu wale walikuwa waajiriwa na kwamba kampuni ilipaswa kuwakata kodi na kulipa sehemu yake kama mwajiri.

Kampuni haikushindana na uamuzi huo. Ililipa kodi iliyodaiwa, ikatoa upya fomu za mapato za miaka iliyopita, ikakubali kuwalipa saa za ziada walizostahili. Kwa mtazamo wa mhasibu, shauri lilikuwa limekwisha.

Baada ya hapo ndipo wakala alipoingia. Baadhi ya wataalamu walipewa ajira ya kudumu. Waliobaki waliwekewa njia mbili: waache kazi, au waendelee kwa kupitia wakala wa ajira ya muda ambaye angewaweka kwenye orodha yake ya mishahara, akate kodi, awalipe, kisha apeleke bili kwa Microsoft. Wengi wa waliopewa uchaguzi huo walikwenda kwa wakala.

Turudi kwenye meza ya mmoja wao siku ya kwanza chini ya mpango mpya. Kiti ni kile kile. Anayempangia kazi ni yule yule, na faili aliloliacha jana linamsubiri. Karatasi ya malipo ina jina geni juu yake, na kadiri mfumo ulivyozoeleka, barua pepe za watu wa wakala zilianza na herufi "a" na kistari, na beji zao zikajulikana kwa rangi yake ya chungwa, wakati waajiriwa walivaa za buluu. Wakala hakumtafuta mtu huyu, hakumpima, hakumfundisha, wala hakuwa na kazi nyingine ya kumpa. Alimpokea akiwa tayari ameketi.

Ukitaka kuelewa kila kilichofuata mahakamani, shika picha hiyo.

Walichokuwa wanadai

Walalamikaji hawakudai mishahara. Walisema hivi: serikali imeamua kwamba tulikuwa waajiriwa, na nyinyi mmekubali na kulipa kodi. Basi tupeni na kile wanachopata waajiriwa wengine. Walilenga mipango miwili. Wa kwanza ni akiba ya kustaafu, wa pili ni mpango wa kununua hisa za kampuni kwa bei nafuu.

Huo wa hisa ndio uliobeba kesi, na unastahili kuelezwa kwa hesabu. Mwajiriwa aliruhusu kati ya asilimia 2 na 10 ya mshahara wake ikatwe kwa kipindi cha miezi 6. Kipindi kikiisha, fedha ile ilinunua hisa kwa asilimia 85 ya bei ya siku ya kwanza au ya siku ya mwisho, yoyote iliyo ndogo. Tuseme, kwa mfano tu, hisa ilianza kipindi ikiwa dola 40 na kukimaliza ikiwa dola 60. Mwajiriwa anailipia dola 34 kitu ambacho siku hiyo hiyo kinauzika kwa 60. Bei ikishuka badala ya kupanda, bado ananunua chini ya bei ya soko. Katika miaka ya 1990, thamani ya Microsoft ilipokuwa inapaa, huo ulikuwa mshahara wa pili. Ile nyongeza ya malipo ya kila saa ambayo mkandarasi alijivunia haikuweza kushindana nao.

Kampuni ilijibu kwamba watu hawa walisaini wenyewe kuwa hawatadai marupurupu, na walilipwa zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Hoja hiyo haikuwa nyepesi. Mahakama ya ngazi ya kwanza iliikubali. Mwaka 1996 jopo la majaji watatu la Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa likaikataa, na mwaka 1997 jopo pana la majaji 11 likaisikiliza rufaa upya na kuikataa pia.

Namna jopo hilo pana lilivyousoma mkataba inavutia. Mkataba, lilisema kwa maana hiyo, unaeleza tu yale yanayofuata mtu akiwa mkandarasi huru: hana bima kwetu, hana marupurupu. Sasa imethibitika kwamba hakuwa mkandarasi huru, pande zote mbili zilikosea kumwita hivyo, kwa hiyo hayo yanayofuata hayana pa kusimama. Saini ilikuwa ya hiari lakini ilisimama juu ya jambo lisilo kweli.

Mpango wa hisa ulikuwa na udhaifu mwingine kwa upande wa kampuni. Ulitungwa ili upate nafuu ya kodi, na sheria ya kodi inayotoa nafuu hiyo inataka waajiriwa wote washirikishwe, isipokuwa makundi machache yaliyotajwa, kama wanaofanya kazi saa chache sana kwa wiki. Kampuni ilikuwa imeitaka sheria hiyo kwa faida yake, ikajikuta imefungwa na neno "wote". Ule wa akiba ya kustaafu ulikuwa na maneno ya ziada: uliwahusu waajiriwa walio kwenye orodha ya mishahara ya kampuni nchini Marekani. Huo mahakama iliurudisha kwa wasimamizi wake wautafsiri kwanza. Nitarudi kwenye maneno hayo ya ziada, kwa maana yalikuja kuzaa matunda ambayo wadai hawakuyapenda.

Swali la wakala lenyewe

Hadi hapo kesi ilihusu zaidi siku za ankara. Lakini maelfu ya watu walikuwa wamefanya kazi Microsoft baadaye, wakilipwa na mawakala tangu siku ya kwanza. Je, nao wamo? Kampuni ilisema hapana: hao wana mwajiri, naye ni wakala. Mahakama ya ngazi ya kwanza ilikuwa imelibana kundi la wadai. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikalipanua.

Jibu lake halikuwa gumu. Hata kama mtu ni mwajiriwa wa wakala kwa mambo fulani, hilo halimzuii kuwa pia mwajiriwa wa kampuni anakofanya kazi, kwani hali hizo mbili zinaweza kukaa pamoja. Kinachoangaliwa ni uhusiano halisi wa kazi. Mambo yaliyotazamwa zaidi yalikuwa matano: nani alimwajiri, nani alimfundisha, amekaa muda gani, nani ana haki ya kumpa kazi nyingine, na nani anatawala uhusiano kati ya mtu huyo na wakala wake.

Mtu wa biashara anayetafuta wakala leo angefaidika zaidi kwa kuyatafakari mambo hayo kuliko kwa kusoma vipeperushi vya mawakala.

Chukua la kwanza. Wapo waliopatikana na mameneja wa Microsoft wenyewe, wakahojiwa huko, wakapatana huko, kisha wakaelekezwa kwa wakala ili waingizwe kwenye malipo. Wakala wa namna hiyo ni mfereji tu wa kupitishia fedha. Si kosa kisheria kuwa mfereji, na zipo sababu halali za kuutumia, kwa mfano kampuni ndogo isiyo na mfumo wa mishahara katika nchi nyingine. Kosa ni kudhani mfereji unabeba wajibu. Wakala aliyebobea katika fani moja hufanya kitu kingine kabisa. Ana orodha yake ya watu anaowajua kwa kazi zao. Ukimwambia unataka mjaribu programu, atakuuliza kama unataka mtu wa kuijaribu kwa mkono kama mtumiaji au wa kuandika majaribio yanayojiendesha, maana hao ni watu wawili tofauti na malipo yao hayalingani. Anahoji, anapima, anakagua kazi za nyuma, halafu anakuletea majina matatu. Wewe unachagua, ila kazi ya kumtafuta imefanywa na yeye, na ushahidi wake upo kwenye faili.

La mafunzo linaeleweka. Mtaalamu anayekuja na ujuzi wake anahitaji kuonyeshwa mifumo yako na taratibu za usalama, basi. Ukimwingiza kwenye kozi zako za wiki kadhaa pamoja na waajiriwa wapya, unamjenga kwa ajili yako.

Muda ndio unaosahaulika kuliko yote, kwa sababu hakuna anayeuamua. Hakuna meneja anayeketi na kusema, mtu huyu atakaa miaka mitatu. Anaongezewa miezi mitatu, halafu mitatu mingine, kwa sababu kazi inakwenda na kumtafuta mwingine ni usumbufu. Watu wa Redmond waliokaa hivyo walipewa hata jina katika Kiingereza cha ofisini, lenye maana ya watu wa muda wa kudumu, na waliotunga jina hilo walijua kwamba linajipinga.

Haki ya kumpa kazi nyingine, kwa maoni yangu, ndiyo kipimo cha haraka kuliko vyote. Mradi ukifungwa Ijumaa, nani anaamua mtu huyu atafanya nini Jumatatu? Kama meneja wa kampuni anaweza kumwambia sogea kwenye timu ya jirani bila wakala kujua, basi wakala si bosi wake kwa maana yoyote ya kweli. Kama wakala ndiye anayempigia simu wiki mbili kabla na kumwambia kuna mteja mwingine anamsubiri, hapo pana ajira, na ipo kwa wakala.

La tano linafanana na hilo lakini linagusa fedha. Nani alipanga mtaalamu alipwe kiasi gani? Nani anaweza kumwondoa? Pale ambapo kampuni inamwagiza wakala mpandishe huyu, mtoe yule, na wakala anatekeleza kama karani, uhusiano wa wakala na mtaalamu unaendeshwa na mtu wa tatu.

Sisemi mahakama ilitoa kanuni ya kukokotoa. Haikutoa. Chini ya sheria ya mapokeo ya Marekani, ile inayojengwa na maamuzi ya mahakama, kama Mahakama ya Juu ilivyosisitiza mwaka 1992 katika kesi nyingine ya marupurupu, vigezo ni vingi na hakuna kimoja kinachoamua peke yake. Ndiyo maana washauri wengi hujificha nyuma ya maneno "inategemea". Lakini katika kisa hiki vigezo karibu vyote vilielekea upande mmoja. Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza kesi ya Microsoft mara mbili, mwaka 1998 na mwaka 2000.

Malipo, na waliogawana

Desemba 2000 pande zikakubaliana: dola 96,885,000. Kundi la wadai lilikadiriwa kuwa la watu kati ya 8,000 na 12,000. Mawakili walipewa asilimia 28, yaani zaidi kidogo ya dola milioni 27, kiasi kilichopingwa na mahakama ya rufaa ikakiidhinisha mwaka 2002. Ukigawa kinachobaki kwa watu wote inakuja wastani wa takriban dola 5,800 hadi 8,700 kwa mtu, kabla ya gharama nyingine. Wastani huo unaficha mengi, kwa kuwa aliyekaa miaka mingi na aliyekaa miezi michache hawawezi kulingana. Hata hivyo, ukikumbuka ile hesabu ya dola 34 kwa 60 na kuizungusha kila miezi 6 kwa miaka kadhaa ya muongo ule, utaona kwamba vichwa vya habari vya "dola milioni 97" vilikuwa vikubwa kuliko bahasha zilizofika nyumbani kwa watu.

Hapa niseme jambo ambalo halitampendeza kila mtu. Nadhani mahakama ilikuwa sahihi, na bado nawaelewa mameneja wa Redmond. Walilipa zaidi kwa saa na watu wakakubali kwa macho makavu. Udhaifu wao ulikuwa kutaka vyote viwili: mtu anayeongozwa kama mwajiriwa na gharama inayohesabiwa kama ya mkandarasi. Mamlaka ya kodi ilipowaambia haiwezekani, wakamleta wakala ili iendelee kuwezekana.

Kilichobadilika baada ya kesi

Badiliko la kwanza lilikuwa la kampuni yenyewe. Mwaka 2000 ilianzisha kanuni kwamba mtu wa wakala hatakaa zaidi ya miezi 12 bila kupumzika siku 100. Mwaka 2014 ikaja kanuni mpya kwa watu wa nje: miezi 18, kisha mapumziko ya miezi 6. Kanuni hizo ziligusa kigezo kimoja kati ya vile vitano, kile cha muda, kwa kuwa ndicho rahisi kukihesabu kwenye kalenda. Msimamizi aliendelea kuwa yule yule. Siku 100 zisizo na kipato alizibeba mtaalamu, yule yule ambaye kesi ilimtetea, na timu ikampoteza mtu aliyeijua kazi.

La pili lilikuwa kimya zaidi na lilienea mbali. Waajiri kote Marekani walifungua nyaraka za mipango yao ya hisa na pensheni na kuingiza sentensi inayosema, kwa ufupi, kwamba mtu ambaye hatukumweka kwenye orodha yetu ya mishahara kama mwajiriwa hashiriki mpango huu, hata kama mahakama au serikali itaamua baadaye kwamba alikuwa mwajiriwa. Ni yale yale maneno ya ziada ya mpango wa akiba ya kustaafu, yakinolewa. Wanasheria huyaita kwa jina la Microsoft mpaka leo. Kwa hiyo aliyeshinda kesi aliwafungia mlango waliokuja nyuma yake, bila kutaka.

Nchi nyingine ziliingia kwenye swali hilo hilo kwa mlango wa sheria. Uingereza ilianza mwaka 2000 na kanuni za kodi ziitwazo IR35 kwa wataalamu wanaofanya kazi kupitia kampuni zao binafsi. Tangu Aprili 2021 mteja mkubwa au wa kati katika sekta binafsi ndiye anayepaswa kuamua kama mtaalamu huyo angekuwa mwajiriwa, na aliye mwisho wa mnyororo wa malipo, mara nyingi wakala, ndiye anayekata kodi. Ujerumani imeweka tangu mwaka 2017 kikomo cha miezi 18 kwa mtu wa wakala kwa mteja mmoja, ingawa makubaliano ya vyama vya wafanyakazi na waajiri yanaweza kukibadilisha. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unawakataza mawakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada, isipokuwa pale serikali inaporuhusu kwa makundi maalumu. Kote huko wakala ametambuliwa kuwa mhusika mwenye majukumu yake.

Ningemshauri nini anayetaka kuajiri kwa njia hii

Kwanza aamue anachonunua kabla hajampigia wakala simu. Kama anataka kazi iliyokamilika, kwa mfano mfumo wa zamani uhamishwe kwenda mpya kabla ya tarehe fulani, amtafute mtaalamu wa kujitegemea mwenye biashara yake na wateja wengine, na wakala amsaidie kumpata. Mkataba utaje kitu kitakachokabidhiwa na vigezo vya kukipokea. Usitaje saa za kuingia. Kama anataka mtu wa kukaa kwenye timu na kuelekezwa kila asubuhi, akubali kwamba huyo ni mwajiriwa wa mtu fulani, na atafute wakala aliye tayari kuwa mwajiri kweli: mwenye mkataba wa ajira, bima, likizo na mpango wa kazi inayofuata. Bei itakuwa juu. Kinachofanya bei hiyo iwe juu ni ule mzigo ambao Microsoft ilidhani imeutua.

Halafu aulize tofauti kati ya kiasi anachotozwa yeye na kiasi anachopata mtaalamu. Wakala anayetafuta, anayepima, anayebadilisha mtu asipofaa na anayembeba kati ya mradi na mradi anastahili sehemu nene. Anayepitisha malipo ya mtu uliyemtafuta mwenyewe anastahili ndogo. Wapo wanaotoza ya kwanza kwa kazi ya pili, na wateja wanalipa kwa kuwa wanadhani wamenunua kinga.

Baada ya hapo kazi kubwa iko kwa wasimamizi wa kati, wale ambao hawakuusoma mkataba. Idara ya sheria inaweza kuandika vizuri namna gani, lakini msimamizi wa timu ndiye anayemwambia mtaalamu "kesho fanya hili badala ya lile", anayemkatalia ruhusa, anayemjazia fomu ya tathmini ya mwaka. Ushahidi uliowaangusha watu wa Redmond ulitoka huko, kwenye mambo madogo ya kila siku. Kikao kimoja na wasimamizi hao, wakaelezwa yapi wanaweza kumwagiza mtu wa nje na yapi yapitie kwa wakala, kina thamani kuliko kurasa kumi za masharti.

Na mtaalamu mwenyewe, kabla ya kusaini na wakala, asome kifungu cha mapumziko ya lazima kama kipo. Kama mteja ana kikomo cha miezi 12 au 18, ajue mapema kama katika kipindi cha kusubiri wakala atamlipa, atampeleka kwa mteja mwingine, au atamwambia tu wataonana baadaye. Ajue pia kama kuna kifungu kinachomzuia kufanya kazi moja kwa moja na mteja huyo, na kinadumu miezi mingapi. Vifungu hivyo viwili vikikutana, mtu anaweza kujikuta haruhusiwi kurudi kwa mteja kupitia wakala na haruhusiwi kurudi bila wakala. Wakala mzuri hukubali kukipunguza kimoja. Aombwe kabla ya saini, maana baada ya hapo hana sababu ya kukubali.